Kifupisho i.e. na Mipaka ya ‘Yaani’ katika Uandishi wa Kitaaluma

Mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu kwa Kiingereza anaweza kueleza kwamba utafiti wake ulihusu lahaja za Zanzibar, i.e. Kiunguja na Kimakunduchi. Sarufi ya sentensi hiyo ni sahihi, na lahaja zote mbili ni za Zanzibar kweli. Hata hivyo, sentensi ina kosa la maana. Kwa msomaji wa Kiingereza rasmi, kifupisho i.e. kinadai kwamba kinachofuata ni sawasawa na kilichotangulia, bila pungufu wala ziada. Mwandishi amedai, pasi na kukusudia, kwamba Zanzibar ina lahaja mbili tu. Kitumbatu na Kipemba vimefutwa kwa herufi mbili. Angeandika e.g., dai hilo lisingekuwapo.

Asili ya vifupisho hivi vya Kilatini inabainisha tofauti yenyewe. I.e. ni ufupisho wa id est, ‘hiyo ni’. Msingi wake ni kitenzi kishirikishi, na kazi yake ni kuziweka pande mbili katika usawa. E.g. ni ufupisho wa exempli gratia, ‘kwa ajili ya mfano’. Huchota baadhi ya memba wa kundi na kuliacha kundi wazi. Ndiyo maana kumalizia kwa etc. orodha iliyoanzishwa na e.g. huhesabiwa kuwa urudufu, sawa na ile ‘kwa mfano ... n.k.’ isiyokoma katika tasnifu za Kiswahili. Kifupisho cha tatu, viz., kimetokana na videlicet, na z yake si herufi ya neno hilo: ni mabaki ya alama ambayo waandishi wa miswada wa Zama za Kati waliitumia kufupisha mwisho -et. Hicho hutaja kwa ukamilifu kile kilichokwisha kutangulizwa kwa jumla, kama katika ‘irabu tano za Kiswahili, viz. a, e, i, o, u’. Kuweka e.g. mahali hapo kungeshangaza, kwa kuwa idadi imekwisha kufungwa.

Kwa mwandishi aliyelelewa na Kiswahili, mtego hauko katika Kilatini bali katika neno yaani. Mazoea ya darasani hulichukua kuwa kisawe cha i.e., na mara nyingi linafaa. Lakini yaani lina asili ya kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya ‘anamaanisha’ au ‘inamaanisha’, na hata katika Kiswahili cha leo huelekea kwenye makusudio ya msemaji zaidi kuliko kwenye usawa wa vitu. Hufafanua, husahihisha kauli iliyopita, hutoa matokeo, na hata hubeba mshangao mtupu: ‘Yaani hata hodi hukupiga!’ Katika sentensi ‘Wahojiwa walikuwa wachache, yaani ulinganishi wa rika haukuwezekana’, msikilizaji wa Kiswahili hupata uhusiano wa sababu na matokeo bila taabu. Sentensi hiyo ikihamishiwa katika Kiingereza pamoja na i.e., uchache wa wahojiwa unakuwa ndio huko kutowezekana kwa ulinganishi, jambo ambalo mwandishi hakulisema. Kinachotakiwa hapo ni kiunganishi cha matokeo.

Upande wa pili, Kiswahili kina nyenzo ambayo i.e. haina, nayo ni upatanisho wa ngeli. Kifungu ‘viambishi vya nomino za mkopo’ kikifuatwa na i.e. na orodha, umbo la kifupisho halionyeshi kama kinachoorodheshwa ni viambishi au nomino. Msomaji hutegemea ujuzi wake wa mada. Mwandishi wa Kiswahili huchagua kati ya navyo ni na nazo ni, na utata unakwisha. Mfasiri anayeweka yaani kila akutanapo na i.e. au viz. huitupa nyenzo hiyo bure. Ni kweli kwamba haisaidii kila mahali: katika ‘miisho ya maneno ya mkopo, nayo ni ...’, umbo nayo linaweza kurejelea miisho au maneno, na hapo hapana budi nomino irudiwe.

Kuhusu umbo la maandishi hakuna mengi. Miongozo ya APA na Chicago huviweka vifupisho hivi zaidi ndani ya mabano na kutaka koma baada yake. Waandishi wa Uingereza mara nyingi huiacha koma hiyo. Mwaka 2016 wahariri wa tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK, walitangaza nia ya kuviondoa katika kurasa zao, sababu mojawapo ikiwa kwamba baadhi ya programu zinazowasomea watumiaji maandishi huvitamka vibaya.

Katika mikataba na nyaraka za ofisi, uzito wa uchaguzi huu huonekana mara moja. Watungaji wa sheria huukwepa mtego kwa kutofautisha fasili inayofunga, ‘maana yake ni’, na ile inayoacha nafasi, ‘inajumuisha’. Waandishi wa mikataba ya kawaida si waangalifu kiasi hicho. Mkataba wa Kiingereza unaotaja vifaa vya ofisi, i.e. meza na viti, unampa muuzaji hoja nzito ya kukataa kuleta kabati. Mfasiri akiandika ‘vifaa vya ofisi kama vile meza na viti’, amempa mnunuzi hoja ya kulidai.