Zuhura Hayumo, Anafutwa Mwanaidi

Chukua orodha ya kina mama wanne wanaopaswa kupigiwa simu kukumbushwa siku ya kliniki: Asha, Neema, Rehema na Mwanaidi. Sasa iagize JavaScript imfute Zuhura, ambaye hayumo. Programu haitalalamika wala kusimama. Ukiifungua orodha utakuta Mwanaidi ndiye aliyeondolewa, na simu yake haitapigwa.

Kompyuta haijaharibika. Zimekutana kanuni mbili, na kila moja ina mantiki yake. Amri ya indexOf hutafuta kitu kwenye orodha na kutoa namba ya nafasi yake, hesabu ikianzia 0. Isipokiona, hutoa -1, kwa kuwa hakuna anayekaa katika nafasi hiyo. Amri ya splice, ambayo hukata sehemu ya orodha, ikipewa namba hasi huhesabu kutoka mwisho, na kwake -1 ni yule wa mwisho. Basi aliyeandika orodha.splice(orodha.indexOf("Zuhura"), 1) amepokea jibu la "hayumo" na kulipeleka kwa amri inayolisoma "mtoe wa mwisho".

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Wengi huandika if (orodha.indexOf("Asha")) wakidhani wameuliza kama Asha yumo. Asha yuko nafasi ya 0, na JavaScript huihesabu 0 kuwa uongo. -1 huihesabu kuwa kweli. Wa kwanza anakataliwa mlangoni, asiyekuwepo anakaribishwa. Dawa ni kulinganisha waziwazi na -1 kabla ya hatua yoyote. Kama swali ni yumo au hayumo tu, tumia includes, iliyoingia katika lugha hii mwaka 2016: hujibu kweli au uongo, basi.

Python ilichagua njia kali zaidi. Ukitafuta kwa index kitu kisichokuwemo kwenye orodha, hutangaza kosa, na programu husimama usiposhughulikia kosa hilo. Naiona njia hiyo ni ya huruma kuliko ukimya, maana kosa linaonekana siku ile ile, mbele ya aliyelifanya.

Mwaka 2015 JavaScript ilipata find, ambayo haileti namba bali kitu chenyewe, au undefined kisipopatikana. Hapa ukimya unapungua: kama kila mama ameandikwa kwa jina na simu, ukiiomba undefined namba ya simu, programu inakatika. Hata hivyo, uangalifu bado unahitajika. Tafuta katika hesabu ya stoo dawa iliyobaki chini ya 5, upate 0. Ukipima jibu kwa if peke yake, dawa iliyokwisha kabisa itahesabiwa kama haikupatikana. Linganisha na undefined yenyewe. Na kama orodha inaweza kubeba undefined ndani yake, find haiwezi kukutofautishia. Tumia findIndex, ambayo hurudi kwenye -1.

Tangu 2020 kuna alama mbili zinazopendwa sana: ?. inayozuia programu kukatika inapokutana na undefined au null, na ?? inayoweka jibu la akiba mahali pake. Ni nzuri, na ?? haiichukulii 0 kama kitu kisichokuwepo. Lakini soma mstari huu: orodha.find(m => m.jina === "Zuhura")?.simu ?? "hana simu". Unatoa jibu lile lile kwa Zuhura ambaye hakuandikishwa kabisa, na kwa Zuhura aliyeandikishwa ambaye namba yake haikujazwa. Kwa muuguzi hao ni watu wawili tofauti. Wa kwanza anahitaji kadi na vipimo vya mwanzo. Wa pili anahitaji mhudumu wa afya wa kijiji apite nyumbani kwake. Kwa hiyo matokeo ya find yapewe kwanza jina lao ndani ya programu, yapimwe kama ni undefined, na tawi la "hayupo" liandikwe lote, likiwa na ujumbe wake. Ni mistari mitatu au minne zaidi.