Kigong'ota wa Usambara na Thamani ya Mti Mkavu

Misitu ya Milima ya Usambara Magharibi, wilayani Lushoto, mkoani Tanga, ni makazi ya kigong'ota wa milimani, anayejulikana kisayansi kama Dendropicos griseocephalus. Ndege huyu hupatikana pia katika milima ya Kilimanjaro, Pare na Uluguru.

Kigong'ota huyu ana urefu wa takribani sentimita 20. Kichwa chake ni cha kijivu, mgongo ni wa kijani cha zeituni, na manyoya yaliyo juu ya mkia ni mekundu. Dume hutambulika kwa wekundu wa utosini hadi kisogoni, ambao jike hana.

Maumbile yake yanaendana na kazi yake. Vidole viwili vya kila mguu huelekea mbele na viwili nyuma, hivyo hushika gome barabara. Mkia wake mgumu humwezesha kujiegemeza kwenye shina anapogonga, na ulimi wake mrefu huvuta mabuu ya mbawakawa na wadudu wengine waliojificha ndani ya mti.

Ndege huyu hutegemea sana miti iliyokufa. Hutoboa tundu katika shina au tawi kavu, ambamo jike hutaga mayai 2 hadi 3. Dume na jike huatamia kwa zamu, na nje ya msimu wa kuzaa hulala matunduni. Matundu anayoyaacha hutumiwa na ndege wengine wasioweza kutoboa mti.

Kwa sababu hiyo, mti mkavu uliosimama msituni si taka. Ukikatwa kwa ajili ya kuni, viumbe kadhaa hupoteza makazi kwa wakati mmoja, hata kama miti mibichi inayouzunguka imebaki salama.

Lushoto ina Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Sheria ya Misitu, Sura ya 323, inakataza kukata miti katika misitu ya hifadhi bila kibali, na misitu hiyo ndiyo chanzo cha vijito vinavyotumiwa na wakulima wa mboga na matunda mabondeni.

Nje ya hifadhi, mwananchi anaweza kuchangia uhifadhi kwa kupanda miti ya kuni shambani mwake na kuacha mti mkavu usimame pale usipohatarisha watu, nyumba wala njia.