Wajukuu wa manamba Muheza na kazi ya kusaka asili ya ukoo

KATIKA vijiji vinavyopakana na mashamba ya mkonge wilayani Muheza, mkoani Tanga, swali la "babu yako alitoka wapi?" si la mazungumzo ya barazani tu. Kwa familia nyingi ni swali linaloweza kuulizwa katika ofisi ya Serikali, na jibu lake likaamua mambo mazito.

Chanzo chake ni historia. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mwaka huohuo ujenzi wa reli ya Usambara ukaanza Tanga. Reli hiyo ilifika Muheza mwaka 1896, na mashamba makubwa yakaenea kandokando yake.

Wabondei, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa na mashamba yao wenyewe, hivyo walowezi wakategemea watu wa mbali. Wakati wa Wajerumani walikuja Wanyamwezi na Wasukuma. Wakati wa Waingereza walitoka pia Songea, Njombe, Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha SILABU, chombo cha kuandikisha vibarua. Waliosafirishwa kwa kupewa namba ndio walioitwa manamba.

Wengi hawakurudi kwao. Walioa, wakazaa na wakazikwa Muheza.

Ugumu unajitokeza katika uraia. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1961, aliyezaliwa Tanganyika kabla ya Uhuru alipata uraia moja kwa moja Desemba 9, 1961, endapo angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Ndiyo maana mjukuu wa kibarua aliyetoka nje ya mipaka anaweza kutakiwa kueleza si alipozaliwa yeye tu, bali pia walipozaliwa wazazi na babu zake.

Kwingineko duniani kazi hiyo imerahisishwa na maandishi. Nchini Kanada, wazao wa Wafaransa waliohamia Quebec karne ya 17 hufuata ukoo wao kupitia madaftari ya parokia ya ubatizo, ndoa na maziko. Mwaka 1871 padri Cyprien Tanguay alianza kuchapisha kamusi ya koo hizo, iliyofikia juzuu saba.

Muheza hakuna kamusi ya namna hiyo, kwani wakati wa Waingereza usajili wa vizazi haukuwa wa lazima kwa Waafrika. Hata hivyo, njia zipo.

Ya kwanza ni wazee. Masimulizi yao yaandikwe mapema: jina la babu, kijiji alichotoka, shamba alilofanyia kazi, aliowasili nao na mahali alipozikwa. Bibi wasisahauliwe, kwani huenda upande wa mama ndio wenyeji, na sheria ilihitaji mzazi mmoja tu.

Ya pili ni madaftari ya makanisa. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliweka makao ya kudumu Magila, wilayani Muheza, mwaka 1875. Daftari la ubatizo kwa kawaida huonyesha tarehe, majina ya wazazi na ya wazazi wa ubatizo. Sehemu ya nyaraka za misheni hiyo imehifadhiwa Oxford, Uingereza. Kwa familia za Kiislamu, mfululizo wa majina ya baba na babu ndio mwongozo mkuu.

Ya tatu ni nyaraka za Serikali ya kikoloni, za Wajerumani na za Waingereza, zilizo katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Aidha, masanduku ya nyumbani yapekuliwe: kipande, ile kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, au stakabadhi ya kodi, huweza kubeba jina na mwaka.

Tahadhari moja ni ya majina. Karani aliandika alivyosikia, na mtu mmoja aliweza kuwa na jina la kwao, la dini na la utani. Anayesaka jina moja tu anaweza kumpita babu yake bila kumtambua.

Karatasi zinaweza kusubiri, lakini wazee waliowaona manamba wakiteremka kwenye treni wanazidi kupungua. Ukoo unaotaka kujua asili yake hauna budi kuanza kwao.