Kulungu Mweupe Mlangoni mwa Baa

Ukiuliza kwa nini baa za Uingereza hutundika michoro ya simba, mataji na miti mlangoni, utaambiwa kwamba wateja wa zamani hawakujua kusoma. Jibu hilo lina ukweli, ila halifiki mbali. Mwenye kiu hakuhitaji mchoro: mti mrefu uliofungwa kichaka cha majani ulitosha kumjulisha kwamba humu mna pombe. Aliyetaka alama ya kudumu ni dola. Mwaka 1393, enzi za Mfalme Richard II, kila mpika pombe ya kuuza alitakiwa kutundika alama, la sivyo anyang'anywe pombe yake. Lengo lilikuwa kumwonyesha mwonjaji wa serikali pa kuingia. (Baba yake Shakespeare aliwahi kuifanya kazi hiyo pale Stratford. Kuna ajira mbaya zaidi.)

Sasa mtu aliyelazimishwa kujitambulisha mbele ya wakubwa atachora nini? Wengi walimchora mkubwa mwenyewe. Kulungu dume mweupe, mwenye taji la dhahabu shingoni na mnyororo ukining'inia, alikuwa nembo ya Richard huyo huyo. Kwa hiyo nasema bango lilitangaza utii kwanza, pombe baadaye, na ushahidi ni jinsi lilivyogeuka kila upepo ulipogeuka. Richard III alijulikana kwa nguruwe mwitu mweupe. Alipouawa katika vita vya Bosworth mwaka 1485, inasimuliwa kwamba wenye baa walimpaka nguruwe rangi ya buluu, akawa nembo ya Earl wa Oxford, jemadari wa washindi. Henry VIII alipoachana na Roma, kichwa cha Papa mabangoni kikawa kichwa cha mfalme. Charles II alijificha juu ya mwaloni huko Boscobel mwaka 1651 akikimbia jeshi la Bunge. Aliporudi madarakani mwaka 1660, mwaloni ukaenea mabangoni hadi leo.

Mtu atapinga: vipi mapipa matatu, mganda wa ngano, tembo aliyebeba ngome? Hizo si alama za wafalme. Ni kweli, lakini ni nembo za vyama vya wafanyabiashara wa mvinyo, waokaji mikate na mafundi visu, ambao mipini ya visu vyao ilitengenezwa kwa pembe za ndovu. Mwenye baa bado anaonyesha yuko chini ya kivuli cha nani.

Hoja ya kutojua kusoma inakwama zaidi hapa. Mwaka 1718 bango moja liliporomoka Bride Lane, London, likaua watu wanne, na mwaka 1762 jiji likaamuru mabango yanayoning'inia yaondolewe. Maduka yakahamia kwenye namba za nyumba. Baa ziling'ang'ania picha zao, ingawa wasomaji walizidi kuongezeka. Hata mwaka 2021, kampuni ya bia ya Greene King ilipobadili majina ya baa zake zilizoitwa Black Boy (Mvulana Mweusi), ubishi ulizuka kuhusu nani anaheshimiwa na nani anadhalilishwa pale mlangoni, na waliobishana, wa pande zote mbili, walijua kusoma.