Bibi Edel Quinn: Karani Aliyevuka Bahari

Wazee wetu walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii yaeleweka vizuri sana Mbaraki, upande ule wa kisiwa cha Mombasa unaoelekea Likoni. Meli zinazoingia Kilindini kutoka bahari kuu hupita karibu na hapo, na mnara wa mawe wa Mbaraki umeona wageni wengi wakiingia: mabaharia, wafanya biashara, askari, wamisionari. Kwa njia ya reli nao wakaja vijana wa bara kutafuta kazi bandarini. Wote hao, wa bahari na wa bara, walikuwa na swali moja: mtu afanyeje ili apatane na kazi mpya, ilhali mama, baba na ndugu wako mbali?

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za mgeni mmoja aliyeteremka Mombasa katika mwezi wa Novemba 1936. Jina lake Edel Quinn, mwanamke wa Ireland, umri wake miaka 29. Nchi yake ni kisiwa kilichoko magharibi ya Uingereza. Tangu njaa kuu ya miaka ya 1845 hadi 1852, iliyoletwa na ugonjwa wa viazi, watu wa kisiwa hicho wamezoea kuwaaga watoto wao waendao ng'ambo kutafuta maisha.

Kazi ya Ukarani

Bibi Quinn alizaliwa tarehe 14 Septemba 1907 katika wilaya ya Cork. Baba yake alikuwa mtumishi wa benki, na kwa sababu ya uhamisho wa kazi jamaa yote ilihama mji hata mji. Makarani wetu wanaojua maana ya barua ya uhamisho wataelewa jambo hili bila kuelezwa zaidi.

Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya ukarani na kupiga taipu huko Dublin, katika kampuni ya kuuza vigae, na mshahara wake ukawasaidia wazazi na ndugu zake. Bwana mmoja Mfaransa, mkuu wake kazini, alimposa, lakini alikataa kwa heshima. Moyoni alikuwa amekusudia kuwa mtawa katika nyumba ya Waklara, ambao hukaa ndani ya kuta zao katika kimya na sala, wala hawatoki.

Haikuwa hivyo. Mwaka 1932 waganga waligundua ana ugonjwa wa kifua kikuu. Zamani zile dawa zinazouponya leo hazijapatikana bado. Alilala miezi 18 katika hospitali ya wagonjwa wa kifua, kisha akatoka hali hajapona, kwa kuwa hakutaka kuendelea kuwatia jamaa zake gharama. Mlango wa utawa ulikuwa umefungwa, naye akarudi kwenye taipu yake.

Kuja Afrika

Jioni, baada ya kazi, alikuwa mwanachama wa Jeshi la Maria, chama cha Wakatoliki wa kawaida kilichoanzishwa Dublin na Bwana Frank Duff mwaka 1921. Chama hiki hakigawi fedha wala nguo. Wanachama hukutana kila juma, husali, husomewa habari za mkutano uliopita, kisha kila mmoja hupewa kazi: kumtazama mgonjwa, kumfariji mfiwa, kumfundisha asiyejua. Huenda wawili wawili, na juma lifuatalo hutoa taarifa.

Askofu Heffernan, mkuu wa Wakatoliki wa sehemu za Kenya na Zanzibar wakati ule, alipotaka mjumbe wa kuanzisha chama hicho huku, Bibi Quinn alikubali kuja. Wengine waliona ni kosa kumpeleka mgonjwa katika nchi ya jua kali na homa. Mwenyewe alijua hatari hiyo, akapanda meli. Basi mtu aliyetamani kuishi ndani ya kuta akapewa barabara za Afrika Mashariki ziwe kazi yake.

Alivyoizoea Kazi

Makao yake yalikuwa Nairobi, lakini hakukaa sana mahali pamoja. Alisafiri Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, kisha Mauritius na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Barabara nyingi zilikuwa za udongo, na wakati wa masika motokaa ilikwama matopeni. Dereva wake alikuwa Mwislamu, naye mwenyewe Mkatoliki. Wakasafiri pamoja kwa amani.

Namna yake ya kufanya kazi ndiyo inayofaa kuangaliwa. Hakujifanya yeye ndiye chama. Alifika, akaeleza utaratibu, na wenyeji wakapata mwenyekiti, mwandishi na mtunza hazina wao wenyewe. Kisha akawaachia kazi, akaenda mbele. Sala za chama zilitafsiriwa katika lugha za wenyeji, ili hata mwanakijiji asiyejua Kiingereza aongoze mkutano. Mjini Nairobi, ambako siku zile watu walitengwa kwa rangi hata katika mambo madogo, alianzisha makundi ya Waafrika, ya Wagoa na ya Wazungu, na wajumbe wao wakaketi katika baraza moja.

Vita vya 1939 vilipoanza, safari ya kwenda kwao ikawa ngumu. Mwaka 1941 aliugua vibaya huko Nyasaland, akapelekwa Afrika ya Kusini kutibiwa. Angaliweza kustarehe huko, lakini mwaka 1943 alirudi Kenya, akaendelea na kazi kadiri ya nguvu zake. Alifariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944, mwenye umri wa miaka 36, akazikwa huko huko. Ireland hakuiona tena. Tarehe 15 Desemba 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alimpa cheo cha Mheshimiwa, ambacho ni hatua katika njia ya kutangazwa mtakatifu.

Yatupasayo Kujifunza

Si kila msomaji ni wa dini yake, wala si lazima awe. Lakini kila atokaye kwao kwenda kazini mbali, akiwa kuli wa bandari, karani wa bohari au mwalimu wa shule ya mashambani, ana la kujifunza. Wengi tuendapo ugenini hukaa tukihesabu siku za likizo, na kazi huifanya kwa mkono mmoja tu. Wengine huifanya kwa bidii lakini huificha, wasimfundishe mwenyeji hata mmoja, wakidhani hivyo watahitajiwa daima. Wakihamishwa, kazi husimama siku ile ile.

Bibi Quinn alikaa nasi miaka saba na nusu tu, tena akiwa mgonjwa. Aliacha mamia ya makundi yaliyoongozwa na watu wengine. Alipokufa, mikutano ya juma lililofuata iliendelea bila yeye.