Mawe ndani ya kongosho: upasuaji hutuliza maumivu, kisukari hubaki

Kijana hanywi pombe, lakini tumbo linamuuma tangu utotoni. Maumivu huanza juu ya kitovu na kupenya hadi mgongoni. Anakonda, choo chake kina mafuta, na mara nyingi kabla ya miaka 30 anapatwa na kisukari. Ni rahisi kudhani ni vidonda vya tumbo, au karogwa.

Madaktari huuita ugonjwa wa kongosho wa nchi za joto. Kongosho ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Hutoa insulini na maji yanayosaga chakula. Zuidema aliueleza mwaka 1959 baada ya kuona wagonjwa nchini Indonesia. Baadaye jimbo la Kerala, India, likajulikana kwa wagonjwa wengi, na visa vikaripotiwa Nigeria na kwa jirani zetu wa Uganda.

Muhogo ulishukiwa kwa sababu ya sumu yake ya sianidi. Kwetu, ambako fufu na sombe ni chakula cha kila siku, habari hiyo ingetisha. Tafiti zilizofuata hazikuithibitisha, na wagonjwa wengi wamekutwa na hitilafu katika jeni iitwayo SPINK1. Basi fufu tuiache mezani.

Kinachomtesa mgonjwa ni mawe ya chokaa. Yanaziba mfereji wa kongosho, maji yanakosa njia, mfereji unavimba. Dawa za maumivu zikishindwa, hapo ndipo daktari mpasuaji anaingia. Kwa njia ya Partington na Rochelle, ya mwaka 1960, anaupasua mfereji kwa urefu, anatoa mawe, kisha anaushonea kipande cha utumbo mwembamba ili maji yamwagike humo moja kwa moja. Kichwa cha kongosho kikiwa kimevimba, hutumia njia ya Frey, ya mwaka 1987: anachimba pia sehemu ya kichwa hicho.

Wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa ya maumivu. Lakini kongosho lililokwisha kuharibika halirudi. Insulini na vimeng'enya vya kumeza pamoja na chakula vinaendelea. Hatari ya saratani ya kongosho nayo inabaki juu, kwa hiyo maumivu yakirudi, au macho yakigeuka manjano, mgonjwa arudi hospitalini haraka.

Kuyagundua mawe hakuhitaji mashine za ajabu: mara nyingi yanaonekana kwa radiografia ya kawaida ya tumbo, au kwa ekografia.