Mji Uliojikwaa kwenye Jiwe

Paukwa!

Pakawa!

Wajukuu zangu, hadithi ya leo haina fisi mlafi. Sungura yumo, lakini anapita mbio tu.

Kaskazini mashariki mwa Uingereza, kando ya mto Tees, palikuwa na kijiji kidogo cha mashamba kiitwacho Middlesbrough. Watu walipohesabiwa mwaka 1801, walikuwa 25 tu. Darasa lenu lina watoto wengi kuliko hao!

Wakati huo huko bara watu walichimba makaa ya mawe. Baadaye treni ikayapeleka hadi bandari ya Stockton, lakini mto pale ulikuwa na kina kifupi na meli kubwa zilipata taabu. Mwaka 1829, tajiri Joseph Pease na wenzake wakanunua shamba la Middlesbrough, lililokuwa karibu zaidi na bahari. Mwaka uliofuata reli ikafika, makaa yakapakiwa melini, na mji ukaanza kukua.

Lakini reli iliyoulea mji ndiyo iliyotaka kuunyima chakula. Ilipoenea nchini, makaa yakaweza kwenda London bila kupanda meli.

Je, mji ulikufa? Haukufa! Palikuwa na marafiki wawili wenye kiwanda cha chuma, John Vaughan na Henry Bolckow, mhamiaji kutoka Ujerumani. Mwaka 1850 Vaughan akapata tabaka nene la mawe yenye chuma katika vilima vya Eston, jirani kabisa. Wenyeji husimulia kwamba alikuwa akiwinda sungura, akajikwaa kwenye jiwe. Tamu, sivyo? Ila kwa kweli alikuwa akiyatafuta kwa makini pamoja na mtaalamu wa migodi, John Marley.

Yakajengwa matanuru marefu kama minara. Juu yalimwagiwa mawe ya chuma, makaa yaliyookwa na mawe ya chokaa. Chini ikapulizwa hewa ya moto. Jiwe likayeyuka, chuma kikatiririka chekundu kama jua linalozama. Watu wakamiminika kutafuta kazi, wengine kutoka Wales na Ireland. Moshi ulitanda, nyumba zilibanana, joto la tanuru liliunguza, hata hivyo wakaja. Mwaka 1853 Bolckow, yule mgeni, akawa meya wa kwanza. Kufikia 1901, watu walizidi 90,000.

Kampuni ya huko, Dorman Long, ndiyo iliyojenga daraja kubwa la Sydney, Australia, lililofunguliwa mwaka 1932.

Lakini hakuna tanuru lisilozimika. Mwaka 2015 lile la Redcar, jirani ya mji huo, likafungwa, na maelfu wakapoteza kazi.

Wahenga walisema: kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Kwenye ardhi ya viwanda vile vya kale sasa kimejengwa kiwanda cha nguzo kubwa za chuma, za kusimamishia mitambo ya upepo baharini. Zamani walipata riziki kwa kuchimba chini. Safari hii wametazama juu.